Mama Barafu Aenda Kaskazini

Mkwe haguswi, lakini pikipiki haijui heshima. Ndiyo maana asubuhi ile, mbele ya banda la kuuzia barafu, Mama Barafu na mume wa binti yake walisimama wakiitazama pikipiki bila kusema neno, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Kiti kilikuwa kimoja. Safari ilikuwa ya siku mbili, kaskazini kabisa, huko ambako lami huisha mapema, changarawe nazo zikakata tamaa, ukabaki mchanga na mawe. Na kwa siku hizo mbili mama mtu mzima, mwenye mwili wake, angekaa nyuma ya mkwewe magoti yakimgusa mbavu.

"Kasha likae katikati," alisema Mama Barafu.

"Keria ipo nyuma, mama. Nitalifunga kwa mpira, halitacheza."

"Katikati, baba. Nitalikumbatia mwenyewe."

Mkwe alielewa, akashukuru kimoyomoyo. Kasha lenyewe lilikuwa lile jeupe la plastiki ambalo kila mtoto wa shule mtaani pale alilijua. Likikaa katikati lingekuwa ukuta: yeye mbele na shughuli zake za klachi na breki, mama nyuma na heshima yake.

Jirani yao muuza mkaa hakuweza kujizuia. "Mama Barafu! Leo umepata wa kukuzungusha!"

"Funga domo lako. Nampelekea mjukuu dawa."

Muuza mkaa akanyamaza, maana mtaa mzima ulijua habari za Chiriku.

Chiriku lilikuwa jina la utani, na lilimkaa vizuri. Mtoto alianza kuongea anapofumbua macho na kuacha anapoyafumba, na hata usingizini alikuwa na la kusema. Alikuwa na kisukari, kile cha utotoni, kisichotaka vidonge wala mizizi. Kinataka sindano ya insulini kila siku ya Mungu. Aliishi na mama yake, mwalimu, kwenye kijiji cha mwisho kaskazini alikopangiwa kazi. Baba yake alibaki mjini na bodaboda yake, kwa sababu kule abiria ni mbuzi tu, na kila mwezi alimkabidhi dereva wa lori dawa ya mtoto. Mwezi huu mvua ya ghafla ilizoa daraja. Malori yakalala. Mwalimu akapanda kilima chenye mtandao akapiga simu analia.

"Mama, namchoma nusu nusu. Imebaki kidogo mno. Anakunywa maji kama mchanga."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Bila sindano Chiriku angekufa, tena si kwa miezi, kwa siku. Mkwe alisema ataondoka peke yake alfajiri. Mama Barafu akamkatalia.

"Wewe utaendesha. Dawa nani ataiangalia? Hii ikipata joto imekwisha, na kule unakokwenda jua linakaanga mawe. Kuna mtu mtaani huu anayeijua barafu kuliko mimi?"

Hakuwepo. Ukweli ni ukweli. Mwanamke yule alimsomesha binti yake mpaka chuo cha ualimu kwa vifuko vya barafu ya rangi, akiuza kwenye geti la shule jua la utosi, na haikuwahi kumyeyukia mkononi. Alijua chumvi kiasi gani inazidisha ubaridi, gunia gani linalinda na gunia gani linaiba. Kwa hiyo walipofika duka la dawa jioni ya kuamkia safari, na kijana mfamasia akaanza kumweleza huku akifunga vichupa kwenye karatasi, alimsikiliza kama mpishi mzee anavyofundishwa kuwasha jiko.

"Hii ikae kwenye ubaridi, mama, lakini..."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nauza barafu hujazaliwa."

Wateja waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kijana naye akacheka, akampa mfuko, akamgeukia mwenye kikohozi. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ngumu mkononi. Ile "lakini" aliisikia. Alitaka kurudi aulize imekwendea wapi, ila mama mkwe alikwisha kutoka, na kumwacha mama mkwe akisubiri barabarani si adabu.

*

Siku ya kwanza waliongea kidogo. Mama Barafu alishika vyuma vya keria nyuma yake, mkono mmoja kila upande, kasha likiwa limebanwa kati ya tumbo lake na mgongo wa mkwe. Kila pikipiki iliporuka jiwe, kasha lilimpiga mbavuni naye akasema "taratibu, baba", na mkwe akajibu "samahani, mama", na kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Alipotaka kujisaidia hakusema. Alikohoa tu kwa namna fulani. Mkwe akasimamisha pikipiki penye kichaka, akaenda ng'ambo ya njia kuukagua mnyororo kwa bidii, amekipa kichaka kisogo, akiukagua mpaka aliposikia kikohozi cha pili. Mnyororo ule haukuwahi kukaguliwa vile tangu utoke kiwandani. Mama Barafu alicheka mwenyewe chini ya mtandio. Alimpenda kijana yule. Wakati kijana anamposa binti yake, yeye alikuwa amesema wazi kwamba bodaboda hawaoi, wanabeba tu. Maneno hayo aliyameza zamani.

Nchi ilikuwa tupu. Miti ilipungua, ikawa miiba. Miiba nayo ikapungua. Walipita watu wachache wenye ngamia, ambao hawakuinua hata mkono. Upepo ulikuwa wa moto na ulikuwa na mchanga ndani yake, ukaingia masikioni na kwenye meno.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitoka kivulini akijikuna, akalitazama kasha, akatabasamu.

"Bia?"

"Dawa, afande," alisema mkwe. "Ya mtoto mgonjwa."

"Kila mlevi ana mtoto mgonjwa. Fungua."

"Afande, likifunguliwa juani baridi inatoka," alisema Mama Barafu.

"Nimesema fungua, bibi."

Mama Barafu alishuka, akafungua. Askari aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota vipande vya barafu, akajifuta navyo shingo, akachota vingine akampelekea mwenzake aliyekuwa amelala chini ya turubai. Kisha akataka cheti cha daktari. Kisha akasema cheti hakina muhuri unaosomeka. Mkwe akamwita pembeni, wakazungumza, na hela ya mafuta ya kurudia ikabaki pale. Muda wote huo Mama Barafu alisimama amekifunika kifuniko kwa mtandio wake, kichwa wazi, akiwatazama watu wazima wawili wakijipoza kwa uhai wa mjukuu wake.

"Wacha tu, mama," alisema mkwe walipoondoka.

"Sijasema kitu."

"Najua. Wacha tu."

Mchana walifika kwenye mchanga wenyewe. Mkwe alikuwa dereva wa mjini. Alijua mashimo, alijua foleni, alijua kupenya kati ya basi na ukuta, lakini mchanga hakuujua. Alifunga breki pale ambapo angeongeza mafuta, tairi la mbele likazama, wakaenda chini. Mama Barafu hakukinga uso wala kiwiko. Alilikumbatia kasha, akaanguka nalo juu yake, bega likasuguka mpaka nguo ikashikana na ngozi.

Mkwe alimrukia, akasita, mikono hewani.

"Niinue basi!" alisema Mama Barafu. "Unasubiri niandike barua?"

Akamwinua. Kuanzia hapo alimshika mkwewe mkanda wa suruali, na wote wawili wakafanya kama hawajui.

Lakini alipofungua kasha kuangalia vichupa, havikuwa vimevunjika, ila mle ndani palikuwa na maji. Barafu ilikuwa imekwisha. Alitumbukiza vidole. Maji yalikuwa na joto la machozi. Kazi aliyojisifia mbele ya watu ilikuwa inamshinda kabla jua halijatua.

"Twende," alisema. "Twende baba, usisimame tena."

*

Kulikuwa na kituo kidogo cha biashara pale njia inapogawanyika: maduka machache ya mabati, pampu ya mafuta ya mkono, na nyumba moja ya wageni. Duka kubwa lilikuwa na jenereta, na Mama Barafu aliisikia kabla hajaiona. Palipo na jenereta pana friza. Alishuka pikipiki ikiwa bado haijasimama vizuri.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Aliwatazama, mmoja kisha mwingine, vumbi juu ya vumbi.

"Chumba kipo kimoja," alisema. "Kitanda kikubwa."

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema mkwe.

"Ah." Mwenye duka alikohoa. "Basi na mkeka upo."

"Friza ipo?" aliuliza Mama Barafu.

Ilikuwepo, ya kifuniko cha juu, imejaa nyama ya mbuzi na samaki wenye ganda la barafu nene. Inakwenda mpaka jenereta izimwe usiku, na asubuhi huwa bado jiwe. Mwenye duka alisema dawa kwenye friza yake ni hatari kwa biashara, watu watasema nyama yake ina ugonjwa. Kwa hiyo ingebidi alipwe. Mama Barafu aliomba. Alieleza habari za mtoto. Aliomba tena, sauti imeshuka, mbele ya wanaume waliokuja kuchaji simu. Mwishowe alivua bangili yake, akaiweka juu ya kaunta, na mwenye duka akaigeuzageuza kwenye mwanga kabla ya kufunua friza.

"Mama," alisema mkwe nyuma yake, taratibu. "Yule wa duka la dawa alikuwa kama ana neno alitaka kusema. Pengine tungeloweka kitambaa, tukavifunga tu. Usiku una kiubaridi."

Mama Barafu aligeuka. Alikuwa amechoka, bega linawaka, bangili imekwenda, na sasa mtu wa klachi anamfundisha baridi.

"Kitambaa? Baba, mimi nimekufundisha kubadilisha gia?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Angekuwa mama yake mzazi, angebisha. Angekuwa abiria, angebisha mpaka watu wajae. Lakini mkwe habishani na mama mkwe, hasa mama mkwe aliyetoka kuvua bangili mbele za watu kwa ajili ya mtoto wako. Alinyamaza. Mama Barafu aliinama ndani ya friza, akakwangua nafasi kwa kucha, akavilaza vichupa chini kabisa, kwenye moyo wa baridi, akavifunika kwa vipande vya barafu kama anavyofunikwa mtoto mchanga. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia. Alilala juu ya kitanda kikubwa, mkwe akalala nje ubavuni mwa pikipiki, na wote walipata usingizi.

Asubuhi vichupa vilikuwa vigumu kama changarawe. Aligonga kimoja kwa kucha, kikalia.

"Sasa lije jua lolote," alisema Mama Barafu.

*

Mto uliozoa daraja ulikuwa umepungua, umebaki tope na mkondo wa magotini. Wachunga mifugo waliwasaidia kuisukuma pikipiki, wakicheka kila ilipozama, na Mama Barafu alivuka kwa miguu kasha likiwa kichwani, hatua kwa hatua, midomo ikitamka maombi. Upande wa pili alikaa chini akalia kidogo. Ilikuwa furaha. Alijua wamefika.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vyenye rangi iliyobanduka. Chumba cha ndani Chiriku alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka kukimbia. Pumzi yake ilinukia matunda yaliyochacha. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni ameushika mguu wa mtoto. Alipowaona hakuinuka; alifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika.

"Mmefika," alisema. "Mama, umefika."

"Tumefika, mwanangu. Na dawa imefika."

Nesi alikuwa mwanamke mkimya, wa umri wa Mama Barafu mwenyewe. Aliwapokea kasha, akaenda nalo kwenye meza ya chumba cha nje, karibu na dirisha, akavuta bomba la sindano. Kisha akakiinua kichupa kwenye mwanga. Akakigeuza. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zinaogelea. Akachukua cha pili, na cha tatu. Mlango wa ndani aliusukuma kwa mguu ukajifunga.

"Hizi zililala wapi?"

"Kwenye friza, dada," alisema Mama Barafu, na lazima isemwe kwamba alisema kwa majivuno. "Chini kabisa. Asubuhi zilikuwa jiwe."

"Ziliganda?"

"Ziliganda vizuri."

Nesi aliweka kichupa mezani. Alivuta kiti akakaa.

"Dada yangu," alisema, "hii inataka ubaridi wa mtungi. Ikiganda imekufa. Ni kama yai ukishalichemsha. Ulipoze vipi, halirudi bichi."

Mama Barafu alisikia kila neno, akaelewa kila neno, na bado alibaki anamtazama nesi mdomoni kama kuna jingine linakuja. Mkwe alikuwa ameegemea ukuta. Aliteleza nao taratibu mpaka akachuchumaa.

"Zote?" aliuliza.

"Zote. Nitamchoma hizo hizo, nimpe na maji, labda imebaki chembe ya nguvu. Lakini msimwambie mama yake kwamba ni dawa."

"Tumbebe. Nitamfunga mgongoni kwangu, nirudi naye."

"Huyu hafiki hata mtoni, baba. Gari la wagonjwa nimelipigia tangu juzi, wanasema daraja. Zahanati nyingine zote jibu ni moja, hakuna."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu alisimama pale, nywele zimemsimama, jicho moja kwa mtoto na jingine kwao.

"Mbona hamumchomi?"

Nesi alikifunika kichupa kwa kiganja.

"Nauliza, mbona hamumchomi?"

"Dawa imeharibika njiani," alisema nesi. "Iligandishwa."

"Iligandishwa na nani?"

Mama Barafu alifungua mdomo. Huo ni ukweli, alifungua. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mkwe, kutoka chini alipochuchumaa.

"Mimi. Niliiweka kwenye friza. Mama alikuwa amelala."

Mwalimu alimtazama mumewe. Akavuka chumba, akampiga kofi, akampiga la pili, na alipoona hajikingi akaacha.

"Ulikuwa na mama," alisema. "Ulikuwa na mtu wa barafu ndani ya safari, na hukumuuliza?"

*

Mkwe aliondoka saa hiyo hiyo kurudi mjini kuchukua nyingine. Nesi alimpa chungu kidogo na kumwonyesha jinsi ya kukizungushia gunia bichi, akamwambia mara mbili, maji tu, kivuli tu. Mama Barafu alimfuata mpaka kwenye pikipiki.

"Baba, kwa nini umesema vile? Narudi ndani nikamwambie."

Mkwe alikuwa anafunga kamba ya kofia.

"Mama, mimi na yeye tunaishi kwa simu. Akinichukia, amepungukiwa simu. Akikuchukia wewe, leo atamwegemea nani mle ndani?"

"Lakini si haki."

"Hata mimi niliona, mama. Pale dukani niliona si sawa, nikanyamaza. Rudi ndani ukae naye."

Akapiga kiki, akaondoka, na hakuwa na hela ya mafuta ya kurudia. Angeomba njiani. Mama Barafu alirudi ndani akakaa na binti yake, na hakusema. Tusimpambe. Angeweza kusema mlangoni, angeweza kusema alipokaa, angeweza kusema kila mara binti yake alipomwita mumewe muuaji. Aliogopa macho ya mtoto wake. Alijiambia atasema Chiriku akipata nafuu.

Nesi alichoma ile dawa iliyokufa, akaichoma tena. Asubuhi yake mtoto alifumbua macho, akamwona bibi yake, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Bibi. Umeniletea barafu?"

"Nimekuletea, mama."

"Ile yangu? Isiyo na sukari?"

"Ile yako."

"Nitaila baadaye," alisema Chiriku, na hakusema tena kitu. Mtoto ambaye alikuwa hakauki maneno alilala kimya, akipumua kwa ile nguvu ya ajabu, mpaka jua lilipofika katikati ya paa nguvu ikapungua, na nesi akaja akamwekea mkono kifuani, akauacha hapo.

Walimzika nyuma ya shule. Wanafunzi walisimama kwa mistari kwa sababu hawakujua njia nyingine ya kusimama. Mwalimu hakulia makaburini. Alilia nyumbani, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akirudia jambo lile lile.

"Sitamsamehe, mama. Mpaka naingia kaburini."

Mama Barafu alimpapasa nywele. Kila neno lilimwingia yeye.

*

Mkwe alirudi wakati watu wameshatawanyika, amebaki jirani mmoja anaosha masufuria. Hakuna aliyekuwa amepanda kilima kumpigia simu. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile, macho mekundu, chungu amekifunga kifuani kwa shuka kama mwanamke aliyebeba mtoto mbele. Aliona viti vya shule vimepangwa nje ya nyumba ya mkewe. Akazima pikipiki. Hakuuliza.

Mwalimu alimwona dirishani, akalivuta pazia.

"Mwambie aondoke," alisema. "Mama, nakuomba. Sitaki kusikia hata sauti yake."

Hapo ndipo Mama Barafu alipopiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa.

"Mwanangu, nisikilize. Si yeye. Ni mimi. Ni mimi niliyeitia ile dawa kwenye friza kwa mikono yangu hii. Yeye alinionya, nikamfokea. Nimekaa kimya siku zote hizi kwa sababu nilikuogopa."

Mwalimu alimtazama mama yake. Uso wake ulilainika, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Mama Barafu alijiandaa kwa lolote: kofi, tusi, kufukuzwa. Angelipokea lolote.

"Inuka, mama," alisema mwalimu, akamshika viwiko, akamwinua. "Najua moyo wako. Unataka ndoa yangu isivunjike. Lakini usijidhalilishe kwa ajili yake."

"Nakuapia, mwanangu. Muulize nesi."

"Nesi nimemuuliza, akasema aliyefanya aachiwe yeye na Mungu wake. Wewe, mama? Wewe ugandishe dawa? Wewe uliyenisomesha kwa barafu, hujawahi kuharibu hata kifuko kimoja?" Akamfuta mama yake machozi kwa pindo la kanga. "Yeye kakutuma useme hivyo, sivyo? Kabla hajaondoka. Niliwaona mnaongea kwenye pikipiki."

"Hapana..."

"Mwambie aondoke, mama."

Akaenda kujilaza, amegeukia ukutani.

Mama Barafu alitoka nje. Mkwe alikuwa bado amesimama pale pale, hakuna aliyemkaribisha hata maji ya kunywa.

"Nimemwambia," alisema Mama Barafu. "Nimemwambia yote. Hakuniamini."

Mkwe aliinamisha kichwa. Kisha akafungua fundo la shuka, akamkabidhi mama mkwe chungu kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akaisukuma pikipiki mpaka njiani ndipo akaiwasha.

Mama Barafu alifunua gunia. Lilikuwa bichi bado. Vichupa vyote vilikuwa vizima, majimaji yake safi kama maji ya kisima, na vilikuwa na ubaridi wa kiasi, kama inavyotakiwa.